Ufundi wa Kubebesha Mwembe Buswelu

Buswelu, mkoani Mwanza, inajengwa. Ukipanda kutoka Nyakato unaziona nondo zimesimama juu ya kuta ambazo hazijaezekwa, tofali zimepangwa kando ya misingi, na katikati ya viwanja yamekaa majabali ya Mwanza, mengine makubwa kuliko nyumba zilizojengwa kando yake. Katika viwanja hivyo, kabla ya uzio na mara nyingi kabla ya bati, utakuta mwembe. Si ule mrefu wa zamani ambao watoto huutupia mawe wakitafuta embe zilizo juu kabisa. Huu ni mfupi, haujafika usawa wa linta. Matawi yake matatu au manne yametawanyika kila upande, na chini, kipimo cha shibiri moja kutoka ardhini, shina lina kovu. Gome la chini ya kovu na gome la juu yake hayafanani rangi. Hapo ndipo miti miwili ilipofanywa mmoja kwa kisu, na kazi hiyo, iitwayo kubebesha, nimeitazama kwa muda mrefu nikiistaajabia.

Waliohamia Mwanza kutoka nyanda za juu huuliza kwa nini iwe mwembe na si tunda lingine. Aliyekulia Lushoto au Njombe anakumbuka mpichi uliokuwa nyuma ya jiko la kwao, na akirudi likizo hubeba kokwa mfukoni ili azioteshe Buswelu. Baadhi ya kokwa zinaweza kuota. Mche utarefuka, utatoa majani mazuri membamba, na mwenye nyumba ataungoja mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, asione cha maana. Mpichi asili yake ni China, nchi yenye majira ya baridi kali, na umezoea kulala sehemu ya mwaka. Macho yake ya maua hayafunguki vizuri mpaka yapitiwe na saa nyingi za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi hutaka saa 600 hadi 900 za baridi hiyo, na zile zilizozalishwa makusudi kwa ajili ya nchi zenye joto huridhika na saa 100 hadi 300. Mipichi ya milima ya Usambara inaipata baridi yake Juni na Julai. Buswelu iko jirani na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji mengi kiasi hicho hulitunza joto la mchana mpaka alfajiri. Mpichi unakaa macho mwaka mzima bila kupata usingizi wake.

Penye shida ya namna hii wakulima wengine wamebuni njia. Kule Batu, Java ya Mashariki, nchini Indonesia, wanalima matufaha karibu na ikweta. Mavuno yakiisha wanaingia shambani na kuupukutisha kila mti majani kwa mikono, na mti uliobaki mtupu huchukulia kwamba majira yamegeuka, ukatoa maua upya. Ni kazi kubwa inayofanywa ili kuuigizia mti ishara ambayo nchi haina. Mwembe nao haujichanulii tu. Unangoja ishara yake. Tofauti ni kwamba ishara ya mwembe ipo Buswelu kila mwaka, tena haina gharama. Mwembe unangoja kiu.

Anayetunza mwembe uani hufanya mambo machache sana kwa mikono yake, na kila moja huchukua dakika chache. Kazi kubwa ni kujua siku ya kulifanya. Fundi hodari wa miti ya matunda utamtambua kwa anavyojua kuacha: kuacha kokwa iliyokauka, kuacha tawi ambalo halijaiva, kuacha maji wakati kila mtu anadhani mti unateseka. Ustadi huo hauonekani mpaka ukae karibu na anayeufanya.

Vitalu vya miche Mwanza viko kando ya barabara, chini ya vivuli vya makuti au vya neti nyeusi, viriba vimepangwa safu kwa safu. Kwa fundi ninayemfahamu, kazi huanza Desemba na Januari, embe za kienyeji zinapojaa sokoni. Anazitaka zile ndogo zenye nyuzi nyingi, ambazo mteja wa matunda hazipendi, kwa sababu mti wake ni sugu na mizizi yake inajua kuishi na mchanga na ukame. Kokwa ya embe haivumilii kuwekwa. Kadiri siku zinavyopita ndivyo uhai wake unavyopungua, na ikikaushwa juani huwa imekufa. Basi huiosha iishe nyama, huiweka kivulini siku mbili tatu, kisha hulikata ganda gumu kwa ncha ya mkasi wa kupogolea na kulifungua kama kitabu ili aitoe mbegu yenyewe. Akiona tundu la fukusi wa kokwa, mbegu hiyo haipandi. Nzima anailaza na mgongo wake uliopinda ukitazama juu, maana ikipandwa kichwa chini mzizi hujikunja, na mche wenye mzizi uliojikunja utakuja kuonyesha udhaifu wake miaka kadhaa baadaye, mwenyewe ameshausahau.

Baada ya miezi sita hadi mwaka mzima, shina la mche limenenepa kufikia penseli. Sasa anahitaji kikonyo, yaani ncha ya tawi kutoka kwenye mwembe wa aina anayoitaka. Wengi hudhani kazi ya kubebesha ni kukata na kufunga. Nilipoiona kwa macho ndipo nilipojua kwamba imekwisha kuanza siku kumi kabla ya kisu kutoka mfukoni. Fundi huenda kwenye mti mama, ule ambao ameshaona ukizaa na kuonja embe zake, na kuchagua ncha za matawi zilizokomaa, nene sawasawa na miche yake. Hazikati. Anakata majani yake tu, moja moja, akiacha vishikio vyake vikining'inia kwenye tawi. Kisha anaondoka. Siku ya saba hadi ya kumi anarudi na kukigusa kishikio kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe bila kuvutwa, na jicho lililo juu yake limevimba, tawi limeiva, na ndipo anapolikata, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kikishikilia, analiacha na kwenda zake. Nimemwona akitembea mwendo mrefu juani na kurudi mikono mitupu kwa sababu vishikio vilikataa.

Vikonyo vilivyokatwa huviringishwa kwenye kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini, na kazi hufanywa siku hiyohiyo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kisu chake ananoa kwenye jiwe mpaka kinyoe nywele za mkono, kisha anakipangusa kwa spiriti. Anaukata mche kichwa, sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Anaweka makali ya kisu katikati ya kisiki kile kidogo na kukigandamiza taratibu hadi kisiki kipasuke sentimita tatu au nne. Halafu anashika kikonyo kwa mkono wa kushoto na kukichonga upande mmoja kwa kuvuta kisu mara moja tu, anakigeuza, anavuta tena mara moja. Kinabaki kabari yenye nyuso mbili nyororo. Mkato ukitoka na wimbi haurekebishi. Anakitupa kikonyo na kuchukua kingine, kwa kuwa kila wimbi huacha nafasi ya hewa, na penye hewa miti haiungani.

Kinachotafutwa pale ni kitu chembamba mno. Kati ya gome na mti mgumu kuna tabaka moja laini lenye unyevu, na tabaka hilo peke yake ndilo linalozaa gome jipya kwa nje na mti mpya kwa ndani. Tabaka la kikonyo lisipogusana na tabaka la mche, vyote viwili vitakaa pamoja wiki mbili vikiwa vibichi, kisha cha juu kikauke. Kama unene wao umelingana, fundi huyakutanisha matabaka hayo pande zote mbili. Kama kikonyo ni chembamba, hakiweki katikati ili kipendeze. Anakisogeza ukingoni mpaka gome la upande mmoja likutane na gome. Upande mmoja unatosha kuuokoa mti.

Kisha anafunga kwa ukanda wa nailoni, kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie, akiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Juu ya yote anavisha kifuko chembamba cha nailoni, cha aina ileile ambayo akina mama hugandishia barafu za watoto, na kukifunga chini ya kidonda. Ndani ya kifuko unyevu unabaki, na kikonyo kisicho na mizizi kinapata muda wa kuishi mpaka mizizi ya mwenzake ianze kukilisha. Wakati wote huo anapangusa vidole. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huunguza ngozi. Mafundi wengi wana madoa meusi mikononi kwa ajili hiyo.

Miche iliyobebeshwa hukaa kivulini. Wiki ya tatu au ya nne, ndani ya kifuko, jicho hufunguka na kutoa vijani vyekundu vya shaba. Hapo kifuko huondolewa jioni, siyo mchana, ili majani mateke yasikutane na jua ghafla. Ukanda wa nailoni unabaki miezi miwili mitatu zaidi, kisha hukatwa, maana ukisahaulika shina likinenepa hujinyonga. Vuli na masika, hewa ikiwa na unyevu, ndiyo misimu ya kazi hii. Kiangazi chenye upepo mkavu fundi hufanya kidogo au hafanyi kabisa.

Kwenye kila kiriba kuna jina limeandikwa kwa wino mzito: Keitt, Kent, Tommy, Apple, Alphonso. Majina haya yana historia inayostahili kujulikana na kila mwenye mti. Ukipanda kokwa ya Tommy Atkins utapata mwembe, lakini hutapata Tommy Atkins, kwa sababu mbegu huchanganya baba na mama. Njia pekee ya kuipata embe ileile ni kikonyo. Mti wa kwanza wa jina hilo uliota Fort Lauderdale, Florida, Marekani, yapata mwaka 1922, kwenye kiwanja cha Thomas Atkins, na inaaminika kwamba ulitokana na embe ya Haden. Haden nayo ilitokana na kokwa ya Mulgoba, embe ya India, iliyopandwa na Kapteni John Haden huko Coconut Grove mwaka 1902. Keitt ilitoka kwenye kokwa iliyopandwa Homestead, Florida, mwaka 1939, na mama mmoja wa jina hilo. Apple imeanzia pwani ya Kenya. Viwanja vya watu, vingi kati yavyo uani tu, ndivyo vilivyotoa embe hizi.

Maana yake ni kwamba mwembe wa Tommy unaosimama Buswelu ni tawi la mti uleule wa Fort Lauderdale. Haukuzaliwa upya hata mara moja. Ulihamishwa kutoka kisu hadi kisu, kutoka mkono hadi mkono, na kama mmoja tu katika msafara ule angekata kabla kikonyo hakijaiva au angefunga ovyo, tawi lake lingekufa na embe hiyo isingeufikia mkono uliofuata. Nchini kwetu upo mfano unaojulikana zaidi. Mwembe wa Ujiji, ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ulikufa zamani. Miembe inayoonyeshwa pale leo inaelezwa kuwa ilibebeshwa kutoka kwenye mti ule. Historia ya nchi imetunzwa hapo kwa kisu na kitambaa kibichi.

Mche ukitoka kitaluni unakutana na udongo wa Buswelu, na udongo huu unataka kusomwa. Wasukuma wana jina kwa kila ardhi yao. Juu, karibu na majabali, ni luseni, mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe hayo. Chini kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mkoani Tanga, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilimani hadi bondeni, na maandishi yake yakawa mojawapo ya misingi ya elimu ya udongo duniani. Mkulima wa Usukuma alikuwa akiutumia mpangilio huo siku zote kuamua wapi apande mihogo na wapi apande mpunga. Mwembe unapenda luseni kwa kuwa haituamishi maji kwenye mizizi. Udhaifu wa luseni ni kwamba haina chakula kingi, na hapo Usukuma ina bahati, kwa sababu penye ng'ombe pana samadi.

Kabla ya kuchimba, chukua kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi na ukipigilie ardhini sehemu tatu nne. Kikigonga jiwe kabla ya mita moja, sogea. Majabali yanayoonekana Buswelu ni machache kuliko yaliyofichwa, na mwembe uliopandwa juu ya bamba la jiwe utakwama ukifika kimo cha mtu. Epuka pia mahali mafundi walipochanganyia zege. Saruji huubadilisha udongo, na mwembe wa hapo hutoa majani ya njano yenye mishipa ya kijani hata ukiwekewa samadi ya zizi zima.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na sentimita 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uwekwe kulia, wa chini uwekwe kushoto. Wa juu uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, isiyotoa joto ukiingiza mkono, kisha urudishwe shimoni na kuachwa wiki tatu ushuke. Mvua za vuli zikishaanza kweli, Oktoba au Novemba, panda jioni. Chana kiriba pembeni bila kuuvunja udongo ulioshika mizizi, na hakikisha kovu linabaki juu ya ardhi. Likifukiwa huoza, au kikonyo huota mizizi yake chenyewe na ile mizizi sugu ya kienyeji, iliyotafutwa kwa bidii yote ile, ikawa haina kazi.

Tengeneza kisahani kulizunguka shina ili maji yakae, na weka matandazo ya nyasi kavu, lakini acha nafasi ya kiganja kati ya nyasi na shina, kwa sababu mchwa wa Buswelu hupita chini ya nyasi na kula gome la mche mchanga. Kiangazi cha kwanza ndicho kigumu: ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni. Na kila ukipita karibu, inama utazame chini ya kovu. Mche wa kienyeji haujasahau kwamba nao ni mwembe. Utatoa chipukizi lake, lenye nguvu na haraka kuliko la juu. Liondoe kwa kidole likiwa bado laini. Wengi wanaolalamika kwamba waliuziwa mche wa uongo waliuziwa mche wa kweli, na kikonyo kikazidiwa na machipukizi ya chini ambayo hakuna aliyeyaondoa.

Mti ukifika kati ya sentimita 70 na mita moja, ukate kichwa. Mwenye mti huona uchungu, lakini kidonda hicho ndicho kinachoamsha macho ya pembeni na kutoa matawi matatu au manne yatakayobeba mti maisha yake yote, yanayoelekea kila upande, yasiyotoka mahali pamoja. Halafu unakuja mtihani mkubwa zaidi. Kikonyo kilitoka kwenye mti mzima unaozaa, kwa hiyo kinajiona kimeshakomaa, na mwaka wa kwanza au wa pili kinaweza kutoa maua kikiwa kimo cha mtoto wa chekechea. Yaondoe. Mti ukizaa kabla ya kuwa na mwili, chakula chote huishia kwenye embe mbili, na matawi hudumaa. Niliwahi kusikia mama mmoja akimuuliza yule fundi, "Shikamoo mzee. Mche huu utazaa lini?" Akajibu, "Marahaba mama. Utazaa upesi, lakini wewe uukatalie mpaka mwaka wa tatu." Sijasikia mafunzo mafupi ya kilimo yaliyo bora kuliko hayo.

Mwaka wa tatu ukifika, kiu inachukua nafasi yake. Masika huisha Mei. Majani yaliyochipua kwa mvua za Machi na Aprili yamekomaa, yana kijani kizito na hukatika kwa mlio ukiyakunja. Juni na Julai mvua hakuna, usiku unapoa, na kwenye ncha ya kila tawi jicho linasubiri. Mti ukiwa na kiu, jicho hilo hutoka ua. Mti ukipata maji, jicho hilohilo hutoka jani. Kwa hiyo, kuanzia Juni, mwembe uliofikia umri wa kuzaa haumwagiliwi. Katika nyumba nyingi za Buswelu huoni mtu akimwagilia, ila maji ya kufulia humwagwa palepale kila Jumamosi kwa huruma, na mti unanawiri, mzito wa majani, hauna hata ua moja. Wenyewe husema mti ni dume. Uhamishie beseni upande mwingine wa nyumba miezi miwili, na mara nyingi huyo dume atachanua.

Maua yakija, Julai na Agosti, kila shada huwa na mamia ya maua madogo, pengine elfu na zaidi, na embe zitakazofika kuvunwa ni moja, mbili, au hakuna. Wanaoyachavusha ni inzi na nyuki wadogo, kwa hiyo mwenye kupulizia dawa saa nne asubuhi anawaua wafanyakazi wake. Adui wa wakati huu ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaopenda asubuhi zenye ubaridi. Hulifanya shada lionekane limepakwa majivu, kisha likakauka. Wakulima wa korosho kusini wanaujua, na dawa yao ya sulfa ya unga inafaa hapa pia, ikiwekwa alfajiri shada linaponyooka na maua mengi bado hayajafunguka. Vitoto vya embe vikifikia ukubwa wa punje ya harage, kiu imemaliza kazi yake. Rudisha maji taratibu, na kuanzia hapo yasikatike, maana embe zilizoshinda na kiu kisha zikanyweshwa ghafla hupasuka.

Kisha kuna inzi wa matunda. Huyu aliyeenea sana ametoka Asia. Aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, akapewa jina jipya mwaka 2005 kana kwamba ni spishi mpya, na mwaka 2015 wataalamu wakathibitisha kwamba ni Bactrocera dorsalis, yuleyule wa Asia aliyejulikana tangu zamani. Jike hutoboa ganda la embe inayokaribia kuiva na kutaga ndani. Funza hula, embe huanguka, funza huingia ardhini, na baada ya wiki chache ni inzi tena. Mwenye miembe mitano uani ana silaha ambayo mwenye ekari kumi hana: anaweza kuifunika kila embe kwa mfuko wa karatasi ikiwa bado ngumu. Na kila embe iliyoanguka iokotwe siku hiyohiyo, itiwe kwenye mfuko mweusi wa nailoni, ufungwe na kuanikwa juani mpaka funza wafe, au ifukiwe chini sana. Kuitupa jalalani ni kuwapa inzi kitalu. Uzio wa tofali haumzuii inzi, hivyo kazi hii haina maana ikifanywa na nyumba moja mtaani. Nimeona majirani waliokubaliana kuokota pamoja kila jioni wakipata embe safi, na hilo ni tunda la ujirani kama lilivyo la mti.

Mavuno ni Novemba hadi Januari. Embe ikatwe na kijiti chake kifupi, igeuzwe kichwa chini utomvu uchuruzike, usije ukaunguza ganda. Na hapa, mwenye nyumba akiwa ameshiba, ndipo penye kazi ya mwisho ya mwaka ambayo wengi huiahirisha. Mwembe huzaa kwenye ncha za matawi, na ncha haitoi ua mpaka iwe imekomaa miezi kadhaa. Ukipogoa Februari mapema, machipukizi yanakuja na mvua za Machi, yanakomaa kufikia Juni, yanaikuta kiu yakiwa tayari. Ukipogoa Mei, umekata embe za mwaka mzima. Toa matawi yanayopandana, toa yaliyokufa, fungua katikati ili jua liingie, na shusha kimo mpaka pale unapofikia kwa ngazi fupi. Mti wa uani usiofikiwa kwa mkono ni mti wa popo.

Utaalamu huu haujafichwa. Misungwi, kusini mwa jiji, kuna Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoipa nchi mbegu za pamba, na chuo cha kilimo kilicho hapo kimesomesha mabwana shamba wengi wa Kanda ya Ziwa. Waulizwe. Vitalu viko kando ya barabara, na fundi mzuri hufurahi kuulizwa kikonyo kimetoka mti gani. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.

Nyumba nyingi za Buswelu hujengwa polepole, mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka unaofuata bati, kadiri mfuko unavyoruhusu. Miaka hiyo mitatu ndiyo ileile ambayo mwembe wa kubebeshwa unaihitaji kabla ya kuruhusiwa kuzaa. Kwa hiyo usingoje kuhamia ndipo upande. Siku fundi anapopima msingi, pima naye mahali pa mwembe, mita sita kutoka kwenye ukuta na mbali na shimo la choo, uchimbe shimo lake kwa sepetu zilezile. Mlinzi wa tofali ataumwagilia kiangazi cha kwanza. Ukipiga bati, utakuwa umeshaondoa maua yake mara mbili, na embe za kwanza utawakatia wanao kwenye nyumba mpya.